Kubadili mwenyewe kitambaa cha turubai la karavani: jibu kwa msomaji wa Houston

Msomaji anayeishi karibu na Houston, katika jimbo la Texas, ananieleza kwamba amenunua karavani ya kuvutwa iliyotumiwa na familia nyingine kwa miaka mingi. Turubai la kivuli lililo ubavuni mwake, la futi 18 na la kufunguliwa kwa mkono, limechanika karibu na ukuta na kuota ukungu upande wa chini. Karakana aliyoiendea imemtajia gharama ya ufundi inayozidi bei ya kitambaa chenyewe. Anauliza mambo matatu: kama yeye, mkewe na jirani yao wanaweza kubadili kitambaa hicho bila fundi, kama achague vinaili, yaani kitambaa kilichofunikwa kwa plastiki, au akriliki, na kama shemeji yake, ambaye ni fundi wa maturubai ya malori huko Mombasa, anaweza kumshonea kitambaa kipya na kumtumia.

Ndugu yangu, swali la kwanza nalijibu kwa ndiyo, mradi muwe watu watatu, muwe na ngazi mbili imara, na mchague asubuhi isiyo na upepo. Kitambaa cha turubai la karavani hakikushonewa wala kubandikwa kwenye chuma. Kina pindo mbili, moja juu na moja chini, na ndani ya kila pindo imepitishwa kamba nene ya plastiki. Pindo ya juu huteleza ndani ya reli ya aluminiamu iliyofungwa ukutani mwa karavani, na pindo ya chini huteleza ndani ya mfereji uliochongwa kwa urefu wote wa rola, yaani lile bomba ambalo turubai hujiviringishia. Ukitoa skrubu chache zinazoizuia pindo isihame, kitambaa huvutwa kwa ubavu kikatoka, na kipya kikaingia kwa njia ile ile. Hatari ya kazi hii imo karibu yote katika springi mbili zilizofichwa ndani ya rola, na hasara yake hutokana karibu yote na kipimo kibaya. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hayo mawili, na mengineyo nitayapitia kwa haraka.

Nianze na kipimo, kwa kuwa ndicho utakachokifanya kwanza, kabla hata ya kugusa bisibisi. Wauzaji wa Marekani wanapolitaja turubai la futi 18, hawataji upana wa kitambaa. Wanataja umbali kutoka katikati ya mkono mmoja hadi katikati ya mkono wa pili, yaani ile mihimili miwili inayoshikilia rola, umbali ambao kwako ni kama mita 5.49. Kitambaa chenyewe ni kifupi kuliko hapo, na upungufu huo hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Mara nyingi huwa kati ya inchi 8 na inchi 11, yaani sentimita 20 hadi 28. Ukinunua kwa mtengenezaji wa turubai au kwa duka linalouza vitambaa vilivyokatwa tayari kwa mtindo wako, utaombwa ukubwa wa jina, yaani ule wa futi 18, nao watapunguza wenyewe. Ukiagiza kwa mshonaji wa vipimo maalumu, atataka upana halisi wa kitambaa. Watu wengi hupoteza fedha zao hapa: mnunuzi hupunguza inchi zake nyumbani, muuzaji naye hupunguza zake karakanani, na kitambaa kinachofika kinaacha rola wazi pande zote mbili. Muulize muuzaji kwa maandishi ni kipimo kipi anachokitaka, kisha mpe hicho tu.

Hata ukiagiza kwa jina, pima kitambaa cha zamani mwenyewe ili uwe na cha kulinganisha. Lifungue turubai lote, upande ngazi, na upime kwenye pindo ya rola kutoka ukingo hadi ukingo, ukiinyoosha tepu ya kupimia kandokando ya bomba. Usipime katikati ya kitambaa, kwa sababu vinaili ya zamani hujikunja kingoni na kulegea katikati, na tofauti ya sentimita moja au mbili huonekana wazi ikikaribia mikono. Kisha pima kina, yaani kutoka kamba iliyo ndani ya reli ya ukutani hadi kamba iliyo ndani ya rola, kitambaa kikiwa kimevutwa kikakaza. Turubai nyingi za aina hii huitwa za futi 8, ambazo ni kama mita 2.44, lakini kipimo cha kitambaa hakilingani sawasawa na jina hilo. Angalia pia unene wa kamba ya ndani ya pindo. Kamba ikiwa nene kuliko mdomo wa mfereji haitaingia. Ikiwa nyembamba mno, siku ya upepo pindo itachomoka. Mwisho tafuta kibandiko chenye jina la mtengenezaji na namba ya mtindo, ambacho kwa kawaida hubandikwa kwenye rola au kwenye mkono. Majina utakayoyakuta mara nyingi ni A&E, ambayo baadaye iliingia chini ya Dometic, na Carefree of Colorado; kwenye karavani mpya zaidi, hasa zenye turubai la umeme, utakuta Solera ya Lippert. Mitindo ya watengenezaji hawa haibadilishani vitambaa ovyo, hata urefu ukifanana.

Sasa swali la vinaili na akriliki. Vinaili ndiyo iliyoko kwenye karavani nyingi kutoka kiwandani, na hiyo iliyochanika kwako bila shaka ndiyo. Haipitishi maji kabisa, huoshwa kwa urahisi, na bei yake ni nafuu. Kitambaa cha ukubwa wako kwa kawaida hupatikana kwa dola mia chache. Udhaifu wake ni huo uliouona: haipumui, kwa hiyo ikiviringishwa ikiwa na unyevu, ukungu huota ndani kwa siku chache, na katika hewa ya Houston ambayo ni ya joto na yenye unyevu karibu mwaka mzima, hilo hutokea upesi kuliko katika jangwa la Arizona. Akriliki ni kitambaa cha kufumwa. Rangi yake hutiwa katika malighafi kabla ya nyuzi kuvutwa, ndiyo maana jua huifubaza polepole sana. Inayojulikana zaidi ni Sunbrella, iliyoingizwa sokoni mwaka 1961 na kampuni ya Glen Raven ya North Carolina. Akriliki hupumua, hukauka haraka, na hewa iliyo chini yake haiwi nzito kama ile iliyo chini ya vinaili. Hata hivyo huzuia maji kwa dawa iliyopakwa juu ya nyuzi, na dawa hiyo hupungua kwa miaka, hivyo mvua kubwa ya muda mrefu huweza kupenyeza matone.

Kama karavani hiyo ni yangu na naishi hapo ulipo, ningechagua akriliki iwapo familia hulala nje mara nyingi na fedha zipo, kwa kuwa adui wako ni jua na ukungu zaidi ya mvua ya kupita. Kama unaitumia mara mbili tatu kwa mwaka na iliyobaki imeegeshwa uani, nunua vinaili nzuri bila majuto. Jambo moja halitegemei chaguo hilo. Turubai likiwa limefungwa, kitambaa chote hulala ndani ya mviringo isipokuwa ule ukanda wa juu unaotoka kwenye reli hadi kwenye rola, ambao hupigwa na jua kila siku ya mwaka hata karavani ikiwa imelala. Ndiyo maana chako kimechanika karibu na ukuta, mahali ambapo wengi hudhani kimekatwa na chuma. Vitambaa vizuri vya vinaili huwa na kinga nene zaidi katika ukanda huo, na vya akriliki vinahitaji kinga ya vinaili iliyoshonewa hapo au kifuniko cha chuma. Muulize muuzaji habari ya kinga hiyo kabla ya kumuuliza rangi.

Kuhusu shemeji yako wa Mombasa, sina shaka na mikono yake. Fundi anayeunganisha maturubai ya malori ya masafa marefu hadi Kampala anajua kuunganisha PVC, yaani plastiki ile ile ya vinaili, ikashika, na pindo yenye kamba ndani yake haitamsumbua. Shaka yangu ni kitambaa kilichopo dukani kwake. Turubai la lori hutengenezwa kwa kitambaa kizito, mara nyingi gramu 650 kwa mita ya mraba au zaidi, ilhali vinaili ya karavani huwa kama gramu 440 hadi 540, na akriliki ni kama gramu 310 tu. Uzito huo wa ziada una madhara mawili. Kwanza, springi zilizopimwa kwa ajili ya kitambaa chepesi zitashindwa kukiviringisha, nawe utakuwa ukisukuma rola kwa mti kila jioni. Pili, kitambaa kinene huongeza unene wa mviringo, na kila zunguko la rola hujumlisha unene huo, mpaka mviringo unagusa mikono au kifuniko na kuanza kujisaga. Ongeza nauli ya mzigo kutoka Mombasa hadi Texas na ushuru wake, hutabaki na nafuu yoyote. Ila kama shemeji ana njia ya kupata akriliki ya nje au vinaili ya uzito huo nilioutaja, na uzi wa poliesta uliotiwa kinga ya jua au, bora zaidi, uzi wa PTFE, yaani plastiki ya aina ya Teflon, ambao jua haliuozeshi, basi kazi yake itadumu kuliko vitambaa vingi vya bei rahisi vinavyouzwa hapa. Uzi wa kawaida wa nguo hufa kabla ya kitambaa. Mishono huachia huku kitambaa chenyewe bado kizima.

Tuingie kwenye springi. Ndani ya rola ya turubai la mkono zimo springi mbili za kusokotwa, moja kila upande, zilizoshikwa na kofia za chuma mwishoni mwa bomba. Unapolivuta turubai kulifungua, springi hizo husokotwa zaidi, na nguvu hiyo ndiyo inayolirudisha unapolifunga. Hata likiwa limefungwa kabisa springi hazilegei, kwa sababu kiwandani zilisokotwa kabla, mizunguko kadhaa kwa turubai fupi na zaidi ya kumi kwa turubai refu. Maana yake ni kwamba siku utakapofungua skrubu inayounganisha kofia na mkono bila kuizuia kwanza, kofia hiyo itazunguka kwa kasi usiyoweza kuidaka, na chochote kilichotokeza juu yake, pamoja na ncha ya mkono wa aluminiamu, kitazunguka nayo. Vidole huvunjika hivyo. Nimewaona watu katika video wakiishika kofia kwa glavu na kuiachia polepole kama mtu anayefungua mfuniko wa chupa. Tafadhali usiwaige.

Ukisimama nje ukiitazama karavani, kwa kawaida upande wa kulia ndio wenye kitasa cha kufungia, yaani ule mkia mdogo unaousogeza kwa fimbo ili kuliruhusu turubai lifunguke au lirudi. Upande huo una kizuizi chake, lakini usikitegemee peke yake. Upande wa kushoto hauna kizuizi chochote isipokuwa ule mkono ulioshikamana nao. Mitindo mingi ina tundu katika kofia linalolingana na tundu lingine katika mhimili wa springi, yaani fimbo inayopita katikati yake, au mdomo wa bomba. Pitisha hapo pini ya chuma au msumari mnene, kunja ncha yake ili usichomoke, na ufanye hivyo pande zote mbili kabla ya kulegeza kitu chochote. Kama mtindo wako hauna tundu hilo, tafuta mwongozo wa mtengenezaji kwa kutumia ile namba ya kibandiko. Ukiukosa mwongozo na ukakosa pia tundu la pini, hapo ndipo ningekushauri umlipe fundi kwa sehemu ya springi pekee na mengine ufanye mwenyewe. Kabla ya hayo yote, piga picha za kila upande: kitambaa kinatoka juu ya rola au chini yake, kimeingia mfereji upi, kofia inaelekea wapi. Rola nyingi zina mifereji mitatu, mmoja wa kitambaa, mmoja wa ule ukanda unaoning'inia mbele kama pambo, na mmoja wa mkanda wa kuvutia, na baada ya kitambaa kutoka, yote mitatu hufanana.

Kuteremsha rola ni rahisi zaidi ya inavyosimuliwa. Vitabu huelekeza uichomoe pindo ya juu kutoka kwenye reli ukiwa umeibeba rola nzima, mmoja kila ngazi na wa tatu akivuta. Inafaa, lakini kitambaa chako kinakwenda jalalani, kwa hiyo huna haja ya kukihurumia. Funga turubai kabisa, weka pini zote mbili, zungushia mviringo kamba mahali patatu ili usifunguke, kisha ukate kitambaa kwa kisu kandokando ya reli. Wenzako wakiishika rola kila upande, fungua skrubu zinazounganisha kofia na ncha za mikono, mkateremshe rola peke yake na kuilaza juu ya meza mbili au vigoda vilivyotandikwa blanketi. Mimi hupendelea kuiacha mikono ukutani. Kadiri unavyofungua vibano vichache vya ukutani, ndivyo unavyoacha matundu machache ambayo mvua itayatafuta baadaye. Kipande cha pindo kilichobaki ndani ya reli kitatoka baada ya kutoa skrubu mbili ndogo zilizo miishoni mwa reli, moja kila upande. Kivute kwa plaizi kutokea upande wa karibu.

Rola ikiwa mezani, springi zinaweza kulegezwa kwa utaratibu. Kwa alama ya wino, andika kwenye bomba na kwenye kofia mstari unaoonyesha zinavyolingana, na mshale wa upande ambao mhimili wa springi unataka kuzungukia. Bana mhimili wa springi kwa plaizi kubwa ya kujifunga yenye mpini mrefu, mtu wa pili alishikilie bomba lisigeuke, kisha chomoa pini na uruhusu mhimili uzunguke nusu duara kwa nusu duara, plaizi ikibanwa upya kila mara na pini ikirudishwa kila unapobadili mkono. Hesabu mizunguko kwa sauti na uiandike kwenye bomba. Hesabu hiyo ni ya thamani kuliko jedwali lolote utakalolikuta, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kwenye turubai hili hili. Usishangae ukikuta pande mbili zinatofautiana. Na kwa kuwa springi hizi hutazamana, upande mmoja utazunguka kufuata saa na mwingine kinyume chake. Ndiyo maana ule mshale ni wa lazima. Springi zikishalegea, kofia hutolewa kwa kutoboa ribiti zake kwa drili, au kwa kufungua skrubu kama mtindo wako unazo. Ribiti mpya ziwe za unene ule ule.

Kwa wasomaji wenye turubai la umeme niseme machache. Kata kwanza umeme wa volti 12 kwenye betri. Mota imo upande mmoja wa rola. Upande wa pili, baadhi ya mitindo ina springi na mingine haina, lakini mikono yao ina shoki za gesi zenye nguvu ya kuufungua mkono ghafla rola inapoondolewa. Funga kila mkono kwa kamba imara au mkanda wa mizigo ukiwa umekunjwa, kabla ya kugusa kofia. Kitambaa chao kikizidi urefu, mota huendelea kuzunguka hata rola ikawa imekwisha kufunguka, na kitambaa kikaanza kujiviringisha kinyume. Kwao kipimo cha kina ni muhimu hata kuliko kwako.

Sasa kitambaa kipya. Kabla ya kukiingiza, pitisha kidole ndani ya mdomo wa mfereji wa rola na mdomo wa reli ya ukutani. Mahali hapo aluminiamu huwa na ncha kali iliyoachwa na msumeno wa kiwandani, nayo huweza kuikata pindo mpya kwa mvuto mmoja. Panua mdomo kidogo kwa bisibisi bapa, ulainishe kwa tupa, umalize kwa msasa laini. Futa vumbi na ukungu wa ndani ya mfereji kwa kitambaa chenye sabuni. Kama kilainishi, tumia silikoni kavu ya kupuliza au maji mazito ya sabuni ya vyombo. Mafuta ya mashine huacha doa ambalo halitoki kwenye akriliki. Vinaili ikiwa imekaa katika boksi kwa wiki nyingi, itandaze juani kwanza mpaka ilainike, kwani ikiwa ngumu hukwama mfereji mzima.

Ingiza pindo ya chini kwenye mfereji wake, mmoja akivuta kwa plaizi iliyofungwa kitambaa laini na mwingine akiilisha pindo kwa mikono miwili ikiwa imenyooka. Ikikwama, irudishe nyuma kidogo na uipulizie tena silikoni. Ukilazimisha, kamba ya ndani hujikusanya na pindo huchanika. Kikae katikati, nafasi iliyobaki kushoto iwe sawa na ya kulia. Usiviringishe bado. Ingiza ukanda wa pambo na mkanda wa kuvutia, rudisha kofia na springi kwa kufuata ile mistari ya wino, piga ribiti, ndipo uviringishe kitambaa juu ya rola kwa mkono, kikiwa kimenyooka kama kilivyokuwa katika picha, na kuacha nje kama sentimita 40. Funga kamba mahali patatu. Sasa sokota kila springi upande uliopingana na mshale wako, kwa idadi ile ile uliyoiandika, na uweke pini. Springi iliyotumika miaka mingi huwa imechoka kidogo. Zunguko moja la nyongeza kila upande halina madhara. Usizidishe hapo. Turubai linalorudi kwa kishindo hugonga mikono yake na kuipinda.

Kuiinua rola ndiko kunakohitaji watu watatu. Wawili waipandishe kwa ngazi, wa tatu asimame kwenye mdomo wa reli na kuingiza ncha ya pindo ya juu, kisha wote watembee pamoja kuelekea upande wa pili, hatua kwa hatua, ngazi zikihamishwa bila haraka. Mkifika, unganisha ncha za mikono na kofia na ukaze skrubu zote. Pini hazitoki mpaka mikono yote miwili iwe imeshikwa barabara, na hata hapo toa moja kwanza, usikilize, ndipo utoe ya pili. Ondoa zile kamba tatu, sogeza kitasa, na uvute turubai nje polepole.

Likishafunguka lote, simama mbali ulitazame. Kitambaa kipya kitakuwa na mistari ya mikunjo, nayo itapotea kikishakaa wazi juani mchana mmoja. Lifunge na kulifungua mara kadhaa ukiangalia mviringo: ukikuta upande mmoja unatangulia na kitambaa kinajikusanya kuelekea mkono, ama pindo ya juu haijakaa katikati ya reli, ambayo unaweza kuisogeza kwa mkono, ama springi moja imepungua zunguko. Rekebisha pindo kwanza, kwa sababu mara nyingi kosa huwa hapo. Ukiridhika, rudisha skrubu mbili ndogo za miishoni mwa reli, ziwe za chuma kisichoshika kutu na zisizo ndefu kuliko zile za zamani, na kila tundu la ukutani ulilolifungua ulizibe kwa gundi ya kuzibia maji inayotumika kwenye karavani. Maji yanayopita nyuma ya reli hushuka ndani ya ukuta na kuozesha mbao kwa miaka kadhaa bila kuonekana, na ukarabati wake hugharimu mara nyingi zaidi ya turubai.

Baada ya hapo turubai litahitaji machache. Mvua ikikukuta likiwa wazi, shusha ncha moja ya rola chini kuliko nyingine ili maji yapate njia. Dimbwi lenye ukubwa wa mita moja ya mraba na kina cha sentimita 5 lina uzito wa kilo 50, na mikono hupinda chini ya mzigo huo hata kitambaa kikiwa kipya. Ukilazimika kulifunga likiwa na maji, lifungue likauke siku hiyo hiyo au kesho yake. Lioshe kwa sabuni laini na brashi laini, pande zote mbili, nawe uache ukanda ule wa juu uwe wa kwanza kukaguliwa kila mwaka. Huko kwenu msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kuishia tarehe 30 Novemba. Katika miezi hiyo usiliache wazi unapotoka kwenda dukani, hata anga ikiwa safi, kwa kuwa upepo wa mvua ya ghafla hulipindua juu ya paa kabla hujarudi.

Na siku ya kwanza ya safari baada ya kazi hii, kabla ya kuingia barabara kuu, hakikisha kitasa kiko upande wa kufungia, vifundo vya mikono, yaani vile vishikizo vya kuzungusha vinavyoibana mikono, vimekazwa, na uizungushie kila mkono mkanda mmoja pamoja na rola. Kitambaa kipya huwa bado hakijabana vizuri kwenye mviringo, na upepo wa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hupata mahali pa kukishika. Simama baada ya maili chache za mwanzo, ushuke, na uvikaze vifundo hivyo tena.